Binti Akishavuka, Nani Anampokea?

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Desemba inapokaribia, wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huingia katika mabishano yale yale kuhusu ukeketaji. Polisi wa Kanda Maalumu ya Tarime-Rorya hutoa onyo. Makanisa na mashirika hufungua kambi za kuwahifadhi wasichana. Wazee wa mila hukutana, ukoo mmoja ukasema msimu umefunguliwa, mwingine ukakana. Katikati ya makelele hayo mzazi wa Nyamwaga au Mugumu hubaki na maswali yasiyojibiwa kwa utulivu. Binti aliyekimbilia nyumba salama ameokoka au ameasi? Cheti cha kambi kina uzito gani ukweni? Kama mtoto wa kiume anatahiriwa na kushangiliwa, kwa nini kumkata wa kike kuwe jinai? Na huyo anayekataa kisu, atakuwa mtu mzima kwa njia gani?

Ukeketaji ni ukatili, na uchambuzi huu hauupimi kana kwamba una hoja za kutosha pande zote mbili. Kinachostahili kupimwa ni njia za kuuacha, maana ziko kadhaa, zinagharimu fedha nyingi na machozi mengi, na mara nyingine zinagongana. Nitazichukua moja moja, lakini nadai tangu sasa kwamba karibu zote zimelenga siku ya kisu na kusahau siku ya pili yake, siku ambayo mtoto hurudi kwao na kupokewa akiwa mtu mwingine.

Mlango wa esaro

Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, utoto na utu uzima hutenganishwa na esaro, msimu wa tohara. Waliopita pamoja huwa rika moja hadi kufa. Wataitana kwa rika hilo, watasaidiana, na watajua nani aanze kusalimia na nani aketi wapi. Juu ya marika kuna vizazi, amakora, vilivyopangwa katika mizunguko miwili: Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma upande wa pili. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel alikwisha kuuchambua mpangilio huu katika makala ya mwaka 1962. Kizazi cha mtu huamuliwa na kizazi cha baba yake. Rika hulipata kwenye esaro tu. Anayekosa esaro hubaki bila rika, na mtu asiye na rika hajulikani awekwe wapi.

Anayevuka si mtoto peke yake. Mzazi anayeingiza mtoto wake esaro naye anapanda daraja. Mama huanza kuhesabiwa miongoni mwa wanawake waliokomaa, na baba husogea kuelekea uzee wenye sauti, ule ambao kilele chake ni sherehe ya isubo. Ndiyo maana shinikizo kwa msichana mara nyingi hutoka kwa mama, bibi na shangazi, watu wanaompenda kweli. Binti akigoma, anasimamisha safari ya watu wazima watatu au wanne kwa wakati mmoja. Anayesema wazazi hao ni wakatili tu hajaelewa kinachowafunga.

Halafu kuna ng'ombe. Mahari ya Wakurya hulipwa kwa ng'ombe, na kwa desturi kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa na ndoa ya dada yake. Binti aliyekeketwa amehesabiwa tangu zamani kuwa na mahari kubwa. Ngariba naye hulipwa kwa kila kichwa, na sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee wa mila. Kwa hiyo kila msichana anayekataa huacha pengo kwenye mifuko kadhaa, na mmojawapo ni wa kaka yake anayelala naye nyumba moja.

Sherehe yenyewe ina mvuto mkubwa, na huo hauna budi kusemwa waziwazi. Waliokatwa alfajiri hurudishwa nyumbani kwa maandamano yanayoweza kuziba barabara. Binti huvishwa khanga, hufunikwa mwavuli, hutunzwa noti. Vijana hutangulia na fimbo, wanawake wakipiga vigelegele. Mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kusimamishwa mbele ya watu isipokuwa kuchapwa anajikuta, kwa saa kadhaa, ndiye mtu muhimu kuliko wote kijijini. Damu inamtoka huku akipongezwa. Rafiki zake wanaona pongezi, damu hawaioni.

Desemba hiyo hiyo ni njia panda ya shule. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Msichana wa Tarime husubiri kuvuka mara mbili ndani ya wiki chache: kwenda sekondari, na kwenda kwenye utu uzima wa kimila unaofungua mlango wa kuolewa. Mara nyingi mvuko mmoja huua mwingine.

Ama swali la wavulana, jibu lake halihitaji mzunguko. Tohara ya kiume huondoa govi, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU. Ukeketaji huondoa sehemu ya viungo vyenye kazi yake au viungo vizima, husababisha kutokwa damu, maambukizi na matatizo ya uzazi, na hauna faida yoyote ya kiafya. Fundisho la hapo ni kwamba mvulana siku hizi anaweza kutahiriwa hospitali na bado akapokewa kama mwanamume. Kitendo kinaweza kubadilika na daraja likabaki.

Sheria na mkono wa dola

Wanaotegemea sheria wana silaha halisi. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, kwa mlezi anayesababisha msichana wa chini ya miaka 18 kukeketwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza ulinzi. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yamempa binti mahali pa kupiga hodi. Na hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1996 uliwakuta waliokeketwa kuwa asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2015–16 uliwakuta asilimia 10, na wa 2022 asilimia 8. Mkoa wa Mara ulikuwa na asilimia 32 mwaka 2015–16 na 28 mwaka 2022. Idadi imeshuka, lakini kwa mwendo wa taratibu, na bado ni zaidi ya mara tatu ya wastani wa nchi.

Udhaifu wa sheria uko sehemu tatu. Kwanza, inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu, ilhali mwanamke aliyeolewa bila kukeketwa hubanwa na wifi na mama mkwe hata akiwa na watoto wawili. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, ilimlinda mwanamke wa umri wowote, na Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuibatilisha mwaka 2021. Pili, koo za Wakurya ziko pande zote mbili za mpaka. Kutoka Sirari, mpakani, kwenda Kuria, upande wa Kenya, ni hatua chache, na kisu kinajua njia za panya kuliko askari. Tatu, shahidi mkuu ni mtoto, na mshitakiwa ni mama yake. Kesi nyingi hufia hapo.

Historia inatoa onyo zito zaidi. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru nchini Kenya, Njuri Ncheke, likiwa na msukumo wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wakaanza kukatana wenyewe kwa wenyewe, na waliofanya hivyo wakajulikana kama Ngaitana. Hadi 1959 zaidi ya watu 2,400 walikuwa wameshitakiwa. Marufuku ilikuwa imefunga mlango pasipo kufungua mwingine, na watoto wakauvunja ule ule. Hapa kwetu, Singida na Manyara, woga wa sheria ulisaidia kusukuma ukeketaji hadi kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kukimbia wala kusema. Tarime haijafika huko kwa kiwango hicho, kwa sababu esaro inamtaka msichana anayejielewa, lakini hatari ipo.

Nyumba salama

Nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Mwaka 2017 Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na karibu afe kwa kutokwa damu, alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Butiama na Mugumu. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018 iliwaonyesha walimwengu kazi ya Mugumu: simu ya usiku, gari, askari wa kike, mtoto anayejificha kwenye mahindi.

Kuna jambo moja la kiufundi linalostahili sifa. Vijiji vingi vya Serengeti havikuwa kwenye ramani yoyote ya kutumika, na gari la uokoaji lilipotea gizani wakati binti akisubiri. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, uliwaita watu wa kujitolea wachore barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vitongoji, shule na zahanati. Kufika mapema kabla ya alfajiri kukawezekana.

Kwa usiku ule wa kukimbia, hakuna mbadala wa nyumba salama. Anayeipinga na aseme binti huyo alale wapi. Lakini wakosoaji wana hoja ambayo si ya kupuuzwa: mtoto wa miaka 11 anayelala bwenini miezi sita bila mama yake naye anaumia, na kila baba anayejiona ameibiwa binti huwa adui wa kazi hiyo kwa jirani zake wote. Ndiyo maana msimu ukiisha hufuata mapatanisho. Mzazi, mbele ya afisa ustawi wa jamii na polisi, hutia saini kwamba hatamkeketa wala kumwoza. Wengi husaini na kumchukua mtoto. Wanaokataa huwaacha watoto wao kituoni kwa miaka, na shirika linageuka mzazi wa kudumu, ada, sare, hedhi na harusi vyote juu yake.

Kambi na mahafali

Tohara mbadala ilianza kupata jina Kenya mwaka 1996, huko Tharaka, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipofanya sherehe ya kwanza ya aina hiyo. Tarime, kituo cha Masanga, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kinachoendeshwa na masista wa Kanisa Katoliki, kimeijenga desturi hiyo kwa uvumilivu mkubwa. Msichana huingia kambini msimu unapokaribia. Hufundishwa mwili wake, VVU, sheria, heshima, kazi za mikono, na yale ya mila yanayofaa kubaki. Siku ya mwisho kuna mahafali: nyimbo, maandamano, vyeti, wazazi wamealikwa.

Nguvu ya njia hii ni kukiri kwamba mtoto anahitaji kuvuka. Wanaoiita kiini macho wanakosea, kwa sababu binti asiyepewa chochote badala ya sherehe atarudi kwenye sherehe iliyopo. Kuna pia lawama kutoka upande mwingine, kwamba kambi huendelea kumwandaa msichana awe mke mwema kuliko awe raia. Hiyo hutegemea anayefundisha.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kalenda na kwenye viti. Kambi ikifungwa kabla wazee hawajafunga msimu, binti mwenye cheti hufika nyumbani akamkuta ngariba angali kazini. Na ukiangalia waliokaa mbele kwenye mahafali, utamwona mkuu wa wilaya au mwakilishi wake, padri, mfadhili, mama mzazi labda. Baba mara chache. Babu, shangazi na wazee wa ukoo mara chache zaidi. Waliompongeza si wale atakaoishi nao.

Wazee wakiamua wenyewe

Hapo ndipo wengine wanaposema: basi tuwaachie wenye mila. Inchama, baraza la ndani la wazee, ndilo linalofungua msimu, na ritongo, mkutano wa hadhara wa ukoo, ndio unaolitangaza jambo. Wakisema imetosha, nani atakata?

Mfano mzuri uko Uganda, kwa Wasabiny wa Kapchorwa, wanaokeketa nao Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Chama cha Wazee wa Sabiny, kilichoundwa mwaka 1992, kiliipinga desturi hiyo kutoka ndani, kikaanzisha siku ya utamaduni bila kisu, na kutunukiwa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998. Sheria ya nchi ilikuja baadaye sana, mwaka 2010. Walakini mwishoni mwa 2018 na Januari 2019 ukeketaji uliripotiwa kurudi hadharani katika wilaya jirani ya Kween. Neno la wazee lilikuwa limesaidia, ila halikuwa la milele. Wazee hufa, na waliowafuata huenda hawakuahidi kitu.

Tarime ina ugumu wake. Koo ni nyingi, na zina ugomvi wa ardhi na mifugo baina yao. Ukoo mmoja ukiacha, wa jirani unaweza kuendelea kwa majivuno. Serengeti kuna pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao hawafungwi na tamko la wazee wa Kikurya. Na mzee anayepata sehemu ya malipo ya ngariba anaombwa ajipunguzie kipato bila fidia. Wapo waliokubali na kusimama hadharani, na wanastahili heshima. Kumtegemea kila mzee afanye hivyo ni kuomba dua kuliko kupanga.

Shule

Shule, ambayo mwaka 2016 iliondolewa ada hadi kidato cha nne, imefanya kazi kubwa kimyakimya kuliko kampeni nyingi. Msichana wa sekondari ya bweni hubaki mbali na kijiji miaka ambayo angeolewa, na hurudi na cheo kinachoeleweka: mwalimu, nesi, karani. Utafiti wa 2015–16 uliwakuta waliokeketwa kuwa asilimia 19 kati ya wanawake wa miaka 45–49 na asilimia 5 tu kati ya wa miaka 15–19. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na polisi peke yao.

Ila shule huwavusha waliofaulu. Aliyefeli darasa la saba hurudi nyumbani Desemba hiyo mikono mitupu, na esaro inamwita kwa jina. Tangu mwaka 2021 serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani, jambo jema kabisa, ingawa msichana aliyekwisha olewa na kulipiwa ng'ombe si rahisi kumrudisha. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyohusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi vilionekana na Mahakama Kuu mwaka 2016 kukiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kijijini hukumu hizo hazijafika kwa sauti ya kutosha.

Uzito uko wapi

Mwaka 1909 Arnold van Gennep aliandika kwamba kila mvuko una hatua tatu: mtu hutengwa na alikotoka, hukaa katikati bila kuwa huku wala kule, kisha hurudishwa akiwa na nafasi mpya. Ukizipima njia tulizoziona kwa kipimo hicho, picha inajitokeza. Sheria haivushi mtu. Nyumba salama humtenga binti vizuri sana. Kambi humtenga na kumkalisha katikati kwa uangalifu. Shule humkalisha katikati miaka minne au zaidi. Kwenye hatua ya tatu wote hukabidhi mzigo kwa ukoo ambao haukushirikishwa, wakitumaini utapokea. Esaro, pamoja na unyama wake, haikosei hapo kamwe: inapokea.

Kwa maoni yangu, basi, hakuna njia ya kufutwa, ila fedha na akili vinapaswa kuhamia kwenye mapokezi. Sheria ibaki na ipanuliwe imlinde mwanamke wa umri wowote. Nyumba salama zibaki kwa ajili ya usiku wa dharura. Kambi zisifungwe hadi msimu ufungwe. Lakini karatasi ya mapatanisho isisainiwe kituo cha polisi tu. Isomwe kwenye ritongo, kaka za baba na mashangazi wakiwepo, na binti atajwe rika lake papo hapo pamoja na wavulana waliotahiriwa mwaka huo. Rika ni la ukoo kulitoa. Serikali haiwezi, na kanisa haliwezi. Baba na mama yake wahesabiwe kuwa wamevusha mtoto, ili nao wasibaki nyuma ya wenzao. Hili la wazazi ndilo ningelipigania kwanza, kwa sababu mtu mzima aliyenyimwa hatua yake ya maisha hutafuta wa kumlipizia, na aliye karibu naye ni binti.

Gharama ya pendekezo hili siifichi. Kupeleka jambo kwenye ritongo ni kuwarudishia wazee mamlaka juu ya miili ya wasichana, hata kama safari hii ni kwa wema, na mamlaka ya namna hiyo yanaweza kutumika vibaya kesho. Wanawake wengi wanaofanya kazi hii Mara watalikataa kwa sababu hiyo, na wana haki. Kinga pekee ninayoiona ni kwamba binti asipelekwe mbele ya mkutano kwa lazima, na nyumba salama iendelee kuwa wazi kwake hata baada ya kupokewa. Kuhusu ng'ombe sina jibu la haraka. Kaka anayesubiri mahari ya dada yake ataacha kusubiri atakapokuwa na njia nyingine ya kuoa, na hilo ni suala la ajira na ardhi kwa vijana wa Tarime na Serengeti, ambalo halitatatuliwa na semina.

Kuna kipimo kimoja kinachoweza kuanza msimu ujao bila kungoja sheria mpya. Kambi na vituo huhesabu wahitimu Desemba, na hesabu hiyo ndiyo inayopelekwa kwa wafadhili na kwenye vyombo vya habari. Ihamishwe hadi Machi. Maafisa ustawi wa jamii na watendaji wa vijiji wapite kwa kila aliyepewa cheti waulize yuko kidato cha kwanza, yuko kwa fundi anajifunza kushona, au yuko kwa mume. Amelala nyumbani kwao au amekimbia tena. Na baba yake akiwa na wageni humtambulisha kama nani.